Tunasali sana hapa Nairobi, mbona vijana wengi hatuna utulivu? Tuongee ukweli

MwanaUmoja (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Uzi huu ni mrefu. Nawalenga hasa walio kati ya miaka 18 na 30: waliomaliza masomo, waliopanga chumba kimoja, wanaosaka kazi au wana mshahara usiofika mwisho wa mwezi, na bado nyumbani kuna mzazi anayengoja watume chochote.

Nairobi si mji uliomsahau Mungu. Sensa ya 2019 ilipohesabu Wakenya milioni 47.6, waliosema hawana dini hawakufika asilimia 2. Saa saba mchana bustani ya Jeevanjee haikosi mhubiri. Ijumaa Msikiti wa Jamia hufurika. Usiku wa Ijumaa hiyo hiyo Eastlands ni kesha kila kona. Usipokuwa ndani utaisikia spika ukiwa kitandani. Na bado ukikaa na vijana hawa hawa pembeni, mkaacha mzaha, unasikia mengine kabisa. Usingizi umepotea. Moyo unadunda bila sababu. Mtu hajapokea simu ya mamake wiki nzima kwa kuwa hana la kumwambia.

Nitaweka msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Sidhani tunasali kidogo. Nadhani vijana wengi tumelishwa imani ya kununua na kuuza, na imani hiyo inatuvunja. Kisha tunasali katikati ya umati wa watu wasiotujua hata jina. Imani niliyoiona ikimwinua kijana ni ile inayomfanya ajulikane, akikosekana mtu amuulizie.

Nianze na hiyo ya kununua na kuuza. Mnaijua. Ukumbi wa mabati, au ghorofa ya pili juu ya maduka, viti vya plastiki, spika mbili zilizouzidi ukubwa wa chumba, na bango la namba ya kutuma sadaka limetundikwa pale ambapo zamani ungekuta mstari wa Biblia. Kijana anaambiwa apande mbegu. Mbegu yenyewe si lazima iwe pesa yake. Nimeona watu wakikopa kwenye simu pale pale walipoketi, wameinamisha kichwa, jirani akidhani wanaomba, kumbe wanangoja ujumbe wa mkopo uingie. Wameahidiwa kazi ndani ya siku 21, mchumba kabla ya Desemba, viza.

Kazi isipokuja, aliyeahidi halaumiwi. Lawama inamrudia kijana: imani yako ni haba, kuna dhambi unaificha, ukoo wenu una laana. Basi anatoka pale na madeni mawili, la simu na la Mungu. La simu hata likikaa litalipwa. Lakini mtu akishaamini kwamba Mungu mwenyewe amemkataa, amwendee nani?

Si hisia zangu tu. Mwanasaikolojia wa Marekani Kenneth Pargament ametumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyoitegemea dini wakiwa na shida. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 596 wa miaka 55 na zaidi, waliofuatiliwa kwa miaka miwili. Waliokuwa na ugomvi na Mungu moyoni, waliohisi amewaacha au hawapendi tena, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, hata baada ya kuzingatia uzito wa ugonjwa wenyewe. Hao walikuwa wazee, tena walilazwa hospitalini. Lakini nikimsikia kijana wa mtaani kwangu akisema "Mungu ana watu wake", naisikia hali ile ile.

Kabla ya hapo, mwaka 1967, Gordon Allport na Michael Ross walikuwa wakichunguza kwa nini kuna waenda kanisani walio wabaguzi na wengine si wabaguzi. Wakaona haitoshi kuuliza mtu anaenda kanisani au haendi. Uliza anaenda kutafuta nini. Kuna anayeitumia dini apate kitu kingine, iwe jina, usalama au marafiki wa maana, na kuna anayeiishi. Mimi naona mahubiri mengi ya mjini yanatufundisha kuitumia, halafu tunashangaa ikituacha mikono mitupu.

Sasa huko kujulikana. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, utaratibu ambao maaskofu wa Afrika Mashariki wameusukuma tangu miaka ya 1970. Mimi si Mkatoliki, lakini jirani alinialika kwenye jumuiya ya vijana iliyokuwa ikikutana Jumatano jioni ndani ya bedsita huko Pipeline. Wanne kitandani, wengine juu ya ndoo na mitungi ya maji, kiti kimoja kilichopo anapewa aliyetoka mbali. Injili inasomwa, kila mtu anataja neno lililomgusa. Kabla ya sala ya mwisho, msichana mmoja akafungua daftari la shule, lile jembamba la kurasa 48, akasoma majina. Hakukuwa na faini. Jina likikosa mwenyewe anauliza tu: nani amemwona?

Kulikuwa na kijana ambaye hakuna aliyemwona, na alikuwa amekosa wiki iliyotangulia pia. Sala ilipoisha hawakutawanyika. Walishuka, wakapita katikati ya yale maghorofa, wakapanda ngazi za jengo lake gizani wakimulika na simu. Alikuwa ndani. Alikuwa ameachishwa kazi kwenye ghala moja Industrial Area, akazima simu na kujifungia. Hawakumhubiria. Mmoja alirudi chini kununua unga, mayai na sukuma, mwingine akawasha jiko, wakapika, wakala naye, wakaulizana nani anajua pa kibarua. Yule msichana wa daftari akamuuliza wazi, bila kuzunguka, kama amewahi kufikiria kujiua. Akasema ndiyo. Usiku huo kijana mwenzake alilala kwake, na asubuhi wawili wakamsindikiza kwa mshauri wa kisaikolojia.

Ukumbi wa watu elfu tatu una kwaya safi na taa na mhubiri anayeonekana kwenye skrini. Ukipotea miezi mitatu, nani atafungua daftari?

Watafiti wa Harvard, Ying Chen na Tyler VanderWeele, walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kufuatilia vijana zaidi ya 5,000, watoto wa wauguzi wa Marekani. Waliohudhuria ibada angalau kila wiki walipokuwa wadogo walikuwa na uwezekano wa asilimia 18 zaidi wa kusema wana furaha walipofika miaka ya ishirini, asilimia 29 zaidi wa kujitolea kwa ajili ya wengine, na asilimia 33 pungufu wa kutumia dawa za kulevya. Waliokuwa na mazoea ya kusali au kutafakari kila siku nao walikuwa na nafuu ya namna hiyo. Marekani si Kayole, najua. Ila angalieni neno "kujitolea" hapo katikati. Imani iliyowajenga ilikuwa inawatoa nje ya nafsi zao.

Na ninaposema maadili ya kiroho sizungumzii urefu wa sketi. Nazungumzia kusema kweli, kushukuru, kusamehe, kupumzika, kutoa. Nairobi imetubana zaidi kwenye kusema kweli. Mtu anaishi Mwiki, picha zake zote ni za Westlands. Nyumbani wanajua yuko ofisini, kumbe anashinda Arboretum. Nendeni mkaone, ile bustani ya miti iliyoanzishwa 1907, asubuhi siku ya kazi. Mtakuta vijana mmoja mmoja chini ya miti, wanatembea huku na huku wakiomba, wengine kwa sauti, mmoja ameshika bahasha ya vyeti kifuani. Nawaheshimu sana. Nadhani ni mojawapo ya mahali pachache mjini ambapo mtu mzima anaweza kulia bila kuulizwa una nini. Lakini akishamwambia Mungu ukweli ule, ni nani mwingine anaujua? Nimeshuhudia kijana akisema mbele ya wenzake kumi, "Sina kazi tangu Machi na nimewadanganya," na jinsi mabega yake yalivyoshuka. Wiki ile ile alipata mtu wa kumpeleka kwenye kibarua cha kupaka rangi, kwa sababu ilijulikana anahitaji.

Basi nipeni ya kwenu. Imani yenu inawapa nguvu au inawachosha? Msiniandikie mahubiri, niandikieni mnavyoishi.

Binti wa Majengo

Asante kaka kwa uzi huu, nimeusoma wote.

Mimi nimezaliwa Pumwani, Majengo, na kwetu hili la kujulikana si geni. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, jua likikaribia kuzama, watoto wanapishana vichochoroni na sahani zilizofunikwa: viazi karai za huyu, uji wa yule, kaimati za bibi yangu. Hakuna anayeuliza kama umepata kazi. Unafuturu kwanza. Na swala ya jamaa ni hivyo hivyo, bega kwa bega, mzee akikukosa alfajiri atakuuliza Ijumaa.

Nataka kuongeza kitu kuhusu swala tano. Watu wa nje huziona mzigo. Kwangu mimi ninayefanya kazi dukani kuanzia saa mbili hadi saa mbili, adhuhuri ni dakika chache ambazo hakuna mteja wala bosi anayenimiliki. Natia udhu, maji baridi usoni, naweka paji la uso chini. Nikiinuka, hasira niliyoingia nayo imepungua. Hiyo ni afya pia.

Lakini nasi tuna letu, nisijifanye. Binti akiwa hali, halali, hataki kuoga, jibu la kwanza ni "ana jini" au "hasomi Qurani". Asomewe, sawa, sipingi dua. Ila nimemwona rafiki yangu akizungushwa kwa wasomaji mwaka mzima, na siku aliyofikishwa kwa daktari wa akili, daktari mwenyewe Muislamu, alimwambia endelea na dua zako na umeze hizi dawa. Leo ana watoto wawili na anasali. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alihimiza watu watafute tiba. Kwa nini akili tuitoe katika hilo?

Na tusisahau Juni 2024. Vijana walipojeruhiwa katikati ya jiji kwenye maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, walihudumiwa ndani ya Msikiti wa Jamia, na hakuna aliyewauliza dini yao. Vijana wengi wa mtaani kwetu waliniambia siku ile ndiyo waliuelewa msikiti.

Fundi_Kayole

MwanaUmoja, mengi nakubali lakini umewapaka mafuta viongozi wa dini. Mimi niliacha kanisa 2024 na sijutii. Ukikaa Jumapili unamwona mwanasiasa anakaribishwa mimbarini na bahasha, anapigiwa makofi, wakati wewe unajua barabara ya mtaa wenu na zahanati yenu zina hali gani. Tulipotoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wengine wetu hawakurudi nyumbani. Niliketi kanisani Jumapili iliyofuata nikingoja pasta ataje hata jina moja la aliyekufa. Alihubiri kuhusu fungu la kumi.

Unaniambia imani ijulishe mtu. Nilijulikana kwenye maandamano zaidi ya nilivyojulikana kanisani. Mgeni alinipa maji ya kuosha macho, mwingine alinifungulia mlango wa duka lake. Je, hayo si ya kiroho?

MwanaUmoja

Fundi, pole sana, na pole kwa uliowapoteza.

Ndiyo, nasema ni ya kiroho kabisa. Mgeni aliyekupa maji alihatarisha mwili wake kwa mtu asiyemjua. Hilo ndilo kila dini inajitahidi kufundisha.

Kuhusu bahasha, una haki, na hauko peke yako. Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki waliikosoa serikali hadharani, na Jimbo Kuu la Nairobi likaagiza pesa ambazo rais alizitoa katika kanisa la Soweto zirudishwe. Mimi niliona vijana wasio Wakatoliki wakituma habari ile kwa fahari. Haikuwa kwa sababu ya kiasi. Ni kwamba mtu alikataa kitu kwa ajili ya anachokiamini, na sisi tulikuwa na njaa ya kuona hivyo. Kiongozi anapoishi anachosema, kijana anapata pa kuegemea. Anapokiuza, kijana anaumia hata kama hajui kueleza ameumia wapi. Ulivyokaa ukingoja jina moja litajwe, hayo yalikuwa maumivu, Fundi. Usiyaite hasira tu.

Sikusukumi urudi. Ninachokuuliza ni kimoja: wale wa maji na mlango bado mnaonana?

Fundi_Kayole

Wawili bado. Tuna kikundi, tunachangia familia moja karo kila mwezi.

Nesi_Eastlands

Naomba niseme kama mtu wa wodini.

Shirika la Afya Duniani tangu 1948 linaeleza afya kuwa ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya kijamii, si kukosa ugonjwa pekee. Mwaka 1998 bodi yake ya utendaji ilipendekeza hali ya kiroho iongezwe kwenye maelezo hayo, lakini pendekezo halikupitishwa. Kazini kwangu sihitaji azimio la kuniambia. Mgonjwa akiwa na mtu wa kuja kusali naye, akiwa na sababu ya kutaka kurudi nyumbani, naiona tofauti kwenye chakula anachokula.

Lakini nawasihi wachungaji, maimamu na viongozi wa vijana wanaosoma hapa: msimwambie mtu aache dawa. Nawaomba kwa magoti. Dawa za msongo wa mawazo huchukua wiki kadhaa ndipo mtu aone nafuu, na dawa za kifafa au za maradhi mazito ya akili zikikatwa ghafla mtu anaweza kuharibikiwa vibaya. Tunawapokea wakiwa wamekaa kwenye "maombi ya kufunguliwa" wiki nzima bila dawa, bila chakula, wengine na alama za kamba mikononi. Shakahola ya 2023, ule msitu wa Kilifi walikofukuliwa waumini waliofunga hadi kufa, zaidi ya miili 400, ilianzia kwa watu walioambiwa shule na hospitali ni za shetani. Si jambo la Kilifi peke yake. Mbegu za mahubiri hayo ziko hapa jijini.

Kingine ambacho vijana wengi hawajui. Zamani mtu akijaribu kujiua alikuwa anatenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu. Familia zilikuwa zinadanganya hospitalini, zinasema amekunywa sumu kwa bahati mbaya, ili polisi wasije. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hiyo semeni ukweli mkifika. Na yule msichana wa daftari aliyeuliza wazi wazi alifanya sawasawa. Watu huogopa kwamba ukimuuliza mtu utamtia wazo kichwani. Humtii. Unampa nafasi ya kulitua.

Laini ya Msalaba Mwekundu ya kupata ushauri ni 1199, haina malipo. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, ipo pale barabara ya Thika, na kwenda Mathari si aibu. Hospitali ile imekuwepo tangu 1910 na watu wanatibiwa wanarudi kazini. Mnakaa nao ofisini wala hamjui.

Mpanda_Ngong

Mimi ni mmoja wa wale 755,750 ambao sensa iliwaandika hawana dini. Nimeusoma uzi nikingoja kuambiwa ndiyo maana sina amani, sikuambiwa, na nashukuru.

Nina amani kiasi chake. Jumamosi napanda vilima vya Ngong na kikundi, au tunapanda miche Karura, msitu ule ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakiutetea. Nikiwa na jembe pale huwa nawaza kwamba mti huu sitakaa chini ya kivuli chake ukiwa umekomaa, na hilo linanituliza. Sijui mtaliita nini.

Kinachonichosha ni kuficha. Nyumbani kwetu nikisema siamini, mama atalia. Kwa hiyo Krismasi naenda kanisani, nainamisha kichwa. Wewe umesema kusema kweli ni afya. Kwa mtu kama mimi kweli ina gharama, na sioni ikitajwa.

MwanaUmoja

Mpanda, umeniongezea kitu ambacho uzi ulikihitaji.

Mwaka 1982 Raymond Paloutzian na Craig Ellison walitunga kipimo cha ustawi wa kiroho chenye kauli 20. Kumi zinahusu uhusiano wa mtu na Mungu. Kumi nyingine hazimtaji kabisa. Zinahusu kama mtu anaona maisha yake yana maana na yana mwelekeo. Hao wawili waliona kwamba ukipima upande mmoja tu umempima mtu nusu. Wewe kwenye hizo kumi za pili, kwa unavyoandika, uko imara kuliko wengi tunaokesha. Mimi naamini Mungu yupo, na naamini hata jembe lako Karura analiona. Lakini sitakudai ukubali hilo ndipo nikuheshimu.

Kuhusu mama. Sidhani kusema kweli kuna maana ya kumwambia kila mtu kila kitu siku moja. Mbiti, yule mwanazuoni wetu wa Kitui, alituachia wazo kwamba kwa Mwafrika mimi nipo kwa sababu sisi tupo, na ukiwa ndani ya "sisi" huwezi kuutaja ukweli wako bila kujali utamwangukia nani. Anza na mmoja. Kaka, dada, shangazi asiyeshtuka haraka. Mtu mmoja wa damu yako akikujua ulivyo, ile Krismasi haitakuwa nzito hivyo. Na mama analia kwa sababu anaogopa kukupoteza, kwa hiyo kabla ya kumwambia usichokiamini, mwonyeshe kwa muda mrefu kwamba huendi popote.

Binti wa Majengo

Mpanda, nakubaliana na kaka, ila nitaongeza: usimwachie mama asikie kwa jirani. Hilo hawasamehi upesi.

Mgeni_Pipeline

Habari zenu. Sijawahi kuandika hapa, huwa nasoma tu.

Nimetoka Vihiga mwaka huu, nafanya ulinzi kwenye jengo moja Upper Hill, zamu ya usiku. Nakaa Pipeline. Nikirudi asubuhi wenzangu wa ploti wanatoka, nikitoka jioni wao wanarudi. Kijijini nilikuwa mwimbishaji kanisani, hata mbwa wa mtaa walikuwa wananijua. Hapa kuna siku nimemaliza bila kusema neno isipokuwa "fungua bonati" kwa wenye magari. Jumapili nalala, sina nguvu. Nikisikia spika ya kanisa la chini naona kama Mungu ananishtaki.

Kusoma hiyo habari ya daftari nimelia. Mtu kama mimi aanzie wapi? Si kwamba nataka kujidhuru, dada nesi, nimekusoma. Nimechoka tu kuwa peke yangu.

Nesi_Eastlands

Asante kwa kusema hivyo waziwazi, mdogo wangu. Kitu kimoja cha kitabibu: kulala mchana huku ploti ina kelele kunavuruga mwili na hisia zenyewe, si imani yako imepungua. Funika dirisha na shuka nzito, lala saa zile zile kila siku, na punguza chai ya rangi kuanzia saa kumi alfajiri. Uchovu ukipita wiki mbili na hamu ya chakula ikapotea, njoo kituo cha afya chochote uongee na mtu.

Fundi_Kayole

Bro, mimi niko karibu. Kikundi chetu hukutana Jumapili saa kumi jioni, baada ya wewe kuamka. Hatuhubiri. Njoo hata kama utakaa kimya.

MwanaUmoja

Mgeni, huyo Mungu unayemsikia kwenye spika siye. Umelinda watu usiku kucha, usingizi wako wa Jumapili ni haki yako. Wayahudi wa kale waliamriwa kupumzika, na amri ile ilimtaja mpaka mtumishi na mgeni aliye malangoni. Mgeni malangoni, ndugu yangu, ndiye wewe.

Mwimbishaji hakai bure Nairobi. Ile jumuiya ya Jumatano huanza saa kumi na mbili jioni, wewe zamu yako inaanza saa ngapi? Kama inagongana, kuna vijana wa Pipeline wanaofanya zamu za usiku kama wewe, wauguzi na wa viwandani, ambao husali pamoja Alhamisi saa kumi alasiri kabla ya kwenda kazini. Ni wachache na hawana mwimbishaji. Nimeshaongea na mmoja wao sasa hivi, hajali dhehebu lako. Nitumie ujumbe wa faragha na namba ya jengo lako, atakuja kukuchukua mlangoni ili usipotee kwenye zile ngazi. Na kwa Fundi nenda pia, si lazima uchague.

Mgeni_Pipeline

Naingia kazini saa kumi na mbili, kwa hiyo Alhamisi inanifaa. Nimekutumia ujumbe.

MwanaUmoja

Nimeupata. Wengine walio kwenye zamu za usiku, au wamehamia majuzi na hawamjui mtu, andikeni mtaa wenu hapa chini. Githurai, Rongai, Kawangware, Majengo, popote. Dini yoyote au bila dini. Binti wa Majengo, utanisaidia upande wa Pumwani na Eastleigh?

Binti wa Majengo

Nitasaidia. Wasichana waniandikie mimi moja kwa moja.